Msaragambo wa Wenye Ajira

Kama kuna kitu kilichokuwa kinamtibua nyongo Beatha Mchome, ni redio yenye habari njema. Asubuhi moja ya kiangazi Clemence wa bodaboda alisimamisha pikipiki mbele ya nyumba yao, huku Mamba, milimani Upare, kuchukua viroba vya tangawizi. Redio yake, aliyoifunga kwa mpira kwenye usukani, ilikuwa inasema kwamba kiwango cha ukosefu wa ajira nchini kimeshuka tena, na kwamba hiyo ni dalili ya uchumi wenye afya. Beatha aliacha sindano ndani ya kiroba alichokuwa anakishona, akaisogelea ile redio.

"Kimeshuka kwenda wapi?" akaiuliza. "Maana huku mlimani hakijapita."

Clemence alicheka mpaka akashika tangi la mafuta. Beatha hakucheka. Alikuwa amekaa miaka minane anangoja kuitwa kazini, na kila ajira zilipotangazwa waliitwa wengine.

Alikuwa na haki yake ya kukasirika, tusimwonee. Alizaliwa hapa hapa Mamba, mtoto wa mzee wa kanisa Tumainieli Mchome, aliyeuza ng'ombe wake wote ili binti asome ualimu wa kemia na baiolojia. Alirudi na picha ya joho, na mama yake, Raheli, akaitundika sebuleni juu ya picha ya harusi yake mwenyewe. Halafu wakaanza kungoja. Kwanza walingoja kwa furaha, wakiwaza atapangiwa wapi, na kama kutakuwa na baridi anunue sweta. Baadaye wakangoja kimya kimya. Alishuka Makanya akajitolea kufundisha kwenye shule moja, akala vumbi la jasi na joto la tambarare, akalipwa asante na mara moja moja mche wa sabuni. Siku serikali ilipoleta mwalimu wa kuajiriwa, Beatha alimkabidhi chaki na kumwonyesha watoto wanaokaa nyuma wasioona ubao. Akapanda gari akarudi mlimani.

Mzee Tumainieli alifariki katikati ya kungoja huko. Alimwachia shamba lililo kando ya mfereji, na Beatha akashika jembe. Alipanda tangawizi, na tangawizi ikamkubali. Madalali wa Same walikuwa wanaiulizia kwa jina lake. Lakini Mamba, kama ilivyo kwingine, kulima hakuhesabiwi kuwa ni kazi. Kazi ni mshahara, ni kuvaa viatu asubuhi. Mwenye jembe anaishi tu. Kwa hiyo watu wema kabisa, wasio na nia mbaya, walikuwa wanamkuta amebeba kiroba mgongoni, jasho linamtoka, wanamuuliza: "Vipi mwalimu, bado?"

Naye hujibu: "Bado." Neno hilo alilichukia kuliko panya wa ghalani.

Baada ya habari zile za redio hazikupita siku nyingi, mdadisi akaja. Alikuwa kijana wa Same mjini aitwaye Muhidin, mpole, mwenye kishikwambi kilichofunikwa kwa plastiki na viatu visivyojua milima. Alikuwa anapita kaya zilizochaguliwa kuuliza mambo ya kazi na ajira, ili hesabu ya taifa zima ipatikane. Aliyekuwa anamtembeza ni Hezroni, mwenyekiti wa kitongoji. Raheli hakuwepo, alikuwa amekwenda kukata majani ya ng'ombe. Muhidin alimwomba mwenyekiti awapishe kwa sababu majibu ni siri ya mhojiwa, na mwenyekiti akawapisha kwa adabu zote. Alikwenda kukaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha lililo wazi, na kikombe chake cha chai.

Muhidin akauliza: katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote ya malipo au ya kukuletea faida, au shamba la familia kwa ajili ya kuuza, hata kwa saa moja tu?

Beatha hakuwa mwongo. Alisema ndiyo, Jumanne aliosha na kuchambua tangawizi ya dalali, akalipwa. Na shambani kwake yupo kila siku.

"Basi dada, wewe unahesabika una kazi," Muhidin akasema, na kidole chake kikagusa kioo.

Beatha alimwambia afute. Alimweleza habari za kemia na baiolojia, za Makanya, za usaili aliousafiria akakuta ukumbi umejaa watu kama mkutano wa injili, wote wana vyeti na wote wananong'ona maombi. Muhidin alisikiliza bila kumkata. Alisema haya yote ameyasikia kila nyumba, na hana pa kuyaweka, kwa sababu swali ni hilo na limeulizwa hivyo hivyo nchi nzima. Akajaribu kumfafanulia kwamba ile namba ni kama kipimajoto, wakubwa wanaichomeka kwapani mwa nchi wajue ni nzima au inaumwa.

"Kipimajoto hakidanganyi," Beatha akamjibu. "Ila kinapima joto tu. Mtu anaweza kuwa na kidonda cha tumbo na joto lake likawa sawa."

Muhidin hakubisha. Wakati anafunga begi lake alisema, kwa sauti ya chini, kwamba mkataba wake mwenyewe ni wa wiki tatu, na ukiisha naye anarudi kijiweni. Beatha alimhurumia, akampa tangawizi apeleke kwao. Nje, Hezroni alikuwa amemaliza chai muda mrefu na kikombe bado anacho mdomoni.

Hapa lazima niwaeleze kuhusu ndiva, la sivyo hamtaona kilichotokea. Ndiva ni bwawa dogo ambalo mababu wa Upare walilichimba mlimani, likusanye maji ya kijito usiku, yafunguliwe asubuhi yaende mashambani kwa zamu. Kila mwaka linajaa tope, na kila mwaka linazolewa kwa msaragambo: kila kaya inayotumia maji inatoa mtu na jembe lake. Asiyetokea hapati zamu, hata awe nani. Wenye mishahara tu ndio waliokuwa wanaruhusiwa kuchagua, wachimbe au walipe. Sasa mwaka uliotangulia baadhi yao hawakulipa, wakatuma watoto waliokwenda kucheza kwenye tope. Kamati ya ndiva ikakasirika, ikapitisha kwamba kuanzia sasa mwenye ajira alipe, jembe lake halitakiwi. Fedha hizo zinunue saruji, maana ukuta wa ndiva ulikuwa na ufa. Mkuu wa kamati ni huyo huyo Hezroni.

Sisemi Hezroni alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye ufa ukutani na saruji haitoshi.

Jumapili baada ya ibada watu walitoka nje kwa mnada wa sadaka, mikungu ya ndizi, mayai, kuku waliofungwa miguu. Hezroni ndiye aliyekuwa ananadi, kazi anayoiweza. Beatha alipotaja bei ya mkungu mmoja, Hezroni akaunyanyua juu.

"Mpeni Beatha," akasema. "Huyu sasa ana ajira. Serikali yenyewe imemwandika."

Kina mama waliokuwa karibu waligeuka. Mmoja akamshika mkono kumpongeza, mwingine akauliza amepangiwa mkoa gani. Beatha alifungua mdomo ajibu, na kabla hajajibu akasikia kigelegele kutoka mlangoni mwa kanisa. Kilikuwa cha mama yake. Raheli, mwanamke aliyekuwa na aibu hata ya kuimba kwa sauti, alikuwa amesikia maneno mawili tu, Beatha na ajira, na yale mawili yalimtosha. Alikuja mbio, kitenge kinafunguka, machozi yanamtoka, na watu walikuwa wanampisha njia huku wakimpigia makofi.

Beatha aliona aibu, kisha akaona huruma, kisha ikaja hasira na haikuondoka tena. Alimwongoza mama yake nyumbani akimshika kiwiko, anaitikia hongera za watu njia nzima kwa kuinamisha kichwa. Alimwambia ukweli jikoni, mbele ya chungu cha makande, kwa maneno machache. Hakuna ajira. Ni swali la saa moja. Kuosha tangawizi nako wamekuhesabu.

Raheli alikaa kwenye kigoda. Alikoroga makande ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

"Kwa hiyo mimi," akasema hatimaye, "nimepiga kigelegele cha nini?"

Beatha alitoka nje akapasua kuni zote zilizokuwepo, na za jirani.

Jumatatu jioni Hezroni alifika mwenyewe, maana aliona ni heshima kumletea habari badala ya kutuma mtu. Alisema kwa mujibu wa maamuzi ya kamati, Beatha sasa yumo kwenye kundi la wenye ajira, hivyo alipe kabla ya msaragambo wa Jumatano, na kama hatalipa zamu yake ya maji itapewa mwingine. Beatha alimweleza alichomweleza Muhidin. Hezroni alinyanyua mikono kama mtu anayeonyesha kwamba haina kitu. Si yeye aliyemwandika, alisema. Amemwandika mwenye mashine, na mashine ni ya serikali, na yeye mwenyekiti ni nani abishane na serikali. Kisha akamsalimia Raheli vizuri, akaaga.

Shamba la Beatha lilikuwa limebakiza miezi michache kuvunwa, na majani yalikuwa yameanza kukunja ncha kwa ukame. Zamu mbili zikimpita, basi. Tangawizi ingedumaa chini, na dalali angeishika mkononi akaitazama akairudisha.

Clemence alimshauri alipe yaishe. Auze kiroba kimoja, amwekee Hezroni fedha mkononi, maji yapite. Ulikuwa ushauri wa busara na Beatha aliujua hivyo. Lakini watu wa Upare tunajulikana, mtu yuko tayari kuuza ng'ombe ashinde kesi ya kuku, na Beatha alikuwa Mpare mpaka kwenye kucha. Akilipa amekubali. Akikubali, miaka minane yote imefutwa kwa kidole kimoja kwenye kioo, na mama yake alipiga kigelegele cha kweli. Alimwambia Clemence kwamba atakwenda Jumatano na jembe lake, na anayetaka kumtoa kwenye tope aje na kamba.

Jumatano ndiva lilikuwa limefunguliwa tangu alfajiri, maji yamekwisha, limebaki tope jeusi la kufika magotini. Watu walikuwa wengi ndani, majembe, mabeleshi, karai zinapita mkono kwa mkono. Kazi yote ilikuwa lazima iishe siku hiyo hiyo. Ndiva likilala bila kuzibwa, maji ya usiku yanakwenda zake bondeni na siku inayofuata hakuna shamba linalolowa, la Beatha wala la mwenyekiti. Raheli alikuwa amekuja pia, amekaa juu ya ukingo na kitenge cha kazi. Tangu Jumapili alikuwa hasemi sana.

Beatha alivua viatu akaingia. Hezroni alimwona, akasogea ukingoni.

"Beatha, mwanangu, toka. Mwenye ajira hachimbi. Ni maamuzi yenu wenyewe."

Majembe yakasimama. Beatha alikita lake kwenye tope, akaliegemea.

"Sawa, mwenyekiti. Nitatoka. Ila hebu waambie watu lile swali ulilolisikia pale dirishani, maana ulilisikia vizuri. Mwenye ajira ni nani?"

Hezroni alisita. Hakupenda habari ya dirisha. Lakini watu walikuwa wanangoja, akasema, basi, ni yule aliyefanya kazi ya malipo au ya faida, au shamba la kuuza mazao.

"Kwa muda gani?"

"Kwa wiki hiyo."

"Kwa muda gani, mwenyekiti?"

"Hata saa moja," Hezroni akasema.

Beatha alichomoa jembe lake, akatoka kwenye tope, akasimama ukingoni, miguu myeusi mpaka magotini. Kisha akawageukia waliobaki ndani, akawauliza kwa sauti yake ya darasani, ile iliyokuwa inafika mpaka kwa watoto wa nyuma kule Makanya: kuna yeyote humo ambaye wiki iliyopita hakuuza kitu, hakubeba mtu, hakukata jani la kuuza, hata kwa saa moja?

Clemence ndiye wa kwanza kuelewa. Alisema yeye amebeba abiria kila siku, hivyo ana ajira, na kama ana ajira jembe lake halitakiwi. Akapanda ukingoni, uso wake mzito kama wa mtu anayekwenda kula kiapo. Akafuata mama wa vitumbua. Akafuata yule aliyeuza mkungu mmoja wa ndizi, akauliza kama mkungu mmoja unahesabika, na watu wakamwambia unahesabika, panda. Wakawa wanatoka mmoja mmoja, wengine wanacheka, wengine hawacheki kabisa, kwa sababu kila aliyetoka alikuwa anakumbuka mtoto wake mwenye cheti kabatini. Wale waliohofia maji yao walitazamana kidogo, kisha nao wakapanda.

Ndani ya ndiva alibaki Bibi Justa peke yake. Alisema wiki nzima hakuuza chochote, alikuwa analea wajukuu watatu ambao mama yao yuko mbali, anawapikia, anawafulia, anawabeba mgongoni usiku wakikohoa. Hiyo nayo inahesabika?

"Hiyo haihesabiki, bibi," Beatha akamjibu. "Wewe ndiye huna kazi."

Bibi Justa alitazama tope lote lililomzunguka, akatazama beleshi lake. "Basi hapa tutakaa mpaka Krismasi," akasema, na hapo hata waliokuwa hawacheki wakacheka.

Hezroni alijaribu kusema kwamba huo si utaratibu. Akasema jua linakwenda. Akasema maji ya wote yatapotea, na hilo lilikuwa kweli, na kila mtu alilijua, na hakuna aliyeteremka. Beatha alimwacha amalize. Halafu akamuuliza, bila kupandisha sauti, kama siku ile alipomtembeza yule kijana wa mjini alipewa chochote cha kumshukuru. Hezroni aliangalia viatu vyake. Mtu mmoja nyuma akasema mwenyekiti naye alipe.

"Unataka nini, Beatha?" Hezroni akauliza. Sauti yake ilikuwa imechoka, ya mtu mwenye ufa wake ukutani.

Angeweza kusema anataka zamu yake. Wote walidhani ndicho atakachosema, na Hezroni alikuwa ameshaanza kuitikia kwa kichwa.

"Nataka useme kama ulivyosema Jumapili," Beatha akasema. "Kwa sauti ile ile ya mnada. Sema sina ajira."

Miaka minane alikuwa anakwepa njia ya sokoni ili asiulizwe, anajibu bado huku anatazama pembeni, na sasa alikuwa amesimama mbele ya kitongoji kizima, kidevu juu, anadai neno lile lile litangazwe. Hezroni alimtazama Raheli kule ukingoni, kama anayeomba radhi kabla. Akavua kofia.

"Beatha binti Tumainieli hana ajira," akasema, na sauti ikagonga mlima wa pili. "Amesoma, ana cheti, ameomba, hajapewa. Kazi anayo, tunaiona. Ajira hana. Nilikosea kusema anayo."

Hakuna aliyepiga makofi. Raheli aliinuka taratibu, akakaza kitenge kiunoni. Aliteremka kwenye tope akishika mkono wa Bibi Justa asiteleze, akaomba apewe karai.

"Nimesikia, mwenyekiti," akasema. "Mimi na wote waliopo hapa tumesikia." Kisha akamgeukia binti yake. "Haya, mwanangu. Lete hilo jembe."

Beatha akaingia, na wengine wote wakaingia nyuma yake. Hezroni alibaki kidogo ukingoni na kofia yake, kisha akakunja suruali, akavua viatu, akawafuata.